Maneno Ambayo Hayamo Kitabuni

Ijumaa, Kitengela. Baridi ya Julai, ile ya mawingu yasiyonyesha wala kuondoka. Nimevaa sweta mbili na bado miguu haisikii. Hasira ndiyo imenipa joto tangu asubuhi, na sasa nayo inaanza kuniishia, kwa hivyo acha niandike kabla sijaanza kumhurumia mtu.

Leo nimeomba msamaha mbele ya shule nzima. Umri huu.

Kwa wewe uliyepotea njia ukajikuta kwenye blogu hii: mimi ni mwigizaji. Nimeifanya kazi hii tangu nikiwa na kiuno. Kwa miaka mingi runinga ilinijua kama Mama Ndimu, yule mama mkwe aliyewatesa wake za wanawe kila Jumapili jioni, na mpaka leo siwezi kununua sukuma wiki hapa Kitengela bila mtu kuniuliza kama bado nawanyima wajukuu chakula. Kipindi kilikufa. Simu za maprodyuza zikafa nacho. Kilichobaki ni vitabu teule.

Kundi letu huzunguka shule za sekondari kuigiza tamthilia ambayo wanafunzi wa Form Four wanaisomea mtihani. Jukwaa letu ni bwalo la chakula, meza zikisukumwa ukutani, harufu ya kabichi ikikungoja mlangoni. Wenzangu wa zamani wakisikia huwa wananionea huruma, na huruma yao naijua, ni ya watu ambao hawana hata bwalo. Lakini hakuna watazamaji kama wale. Kila msichana ana kitabu mapajani na anaijua sentensi yako kabla hujafungua mdomo.

Mwenye kundi ni Njoroge. Nilimfundisha mimi kusimama jukwaani, alipokuwa kijana wa Embulbul anayeongea na viatu vyake. Siku hizi yeye ndiye ananiambia nisimame wapi.

Katika tamthilia ya sasa mimi ni mama. Nina mwana aliyemlilia baba yake mgonjwa mpaka mzee akatia kidole gumba kwenye karatasi, shamba likauzwa. Katika onyesho la mwisho mwana anarudi, anapiga magoti, analia tena. Kitabuni mama anamwambia: "Nimekusamehe mwanangu. Njoo ule." Basi. Mtu ameuza ardhi yako, umemwekea ugali.

Nilishindwa kuyasema. Kila nikiyasema nilijisikia kama tangazo la benki. Kwa hivyo mwaka jana, katika shule moja, mdomo ulifunguka wenyewe: "Nikifa usije kunililia. Machozi yako nimeyaona yakifanya kazi."

Bwalo lilinyamaza mpaka nikasikia mpishi akikoroga sufuria jikoni. Tukiwa tunafunga mizigo Njoroge alinishika bega. "Mathee, hiyo usitoe. Inauma vizuri." Nikaisema kila shule tangu siku hiyo, na nilipenda. Sitajifanya hapa. Nilipenda kuona nyuso za wasichana zikibadilika, nilipenda kujua kwamba mtu aliyeandika kitabu hakuwahi kuzibadilisha namna ile.

Kisha mtihani wa mock, ule wa majaribio, ukafanywa. Katika shule moja ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kajiado, swali liliuliza sifa za mama. Karibu darasa zima likaandika kwamba mama ni mkatili na mwenye kinyongo, na ushahidi wao ukawa maneno yangu, yamefungwa vizuri ndani ya alama za kunukuu. Wote wakapata sifuri. Kitabuni mama ni mpole mno, tena anasamehe.

Mkuu wa somo la Kiswahili pale, Madam Naisiae, alimpigia Njoroge simu akiwa moto. Walimu wana grupu lao la WhatsApp, kaunti nzima iko ndani, na Njoroge alijua habari ikiingia humo kundi limekwisha. Alikuja kwangu akakaa kitini bila kuvua kofia. Ama niende Kajiado nikaigize onyesho lile jinsi lilivyoandikwa na niwaombe watoto msamaha, ama Shantel aanze Jumatatu.

Shantel ana miaka ishirini na kitu. Ameshakariri sehemu yangu. Mazoezini hukaa pembeni akinitazama kama mtu anayengoja choo. Njoroge alisema tutampaka poda nywele, tumfunge leso kiunoni, nani atajua? Kwamba yeye ndiye aliyeniambia maneno yale yabaki, hakuna aliyekumbuka. Nilimwambia nitaenda. Bila jukwaa mimi ni bibi tu mwenye kuku watano na televisheni.

Lakini sijakuambia maneno yale niliyatoa wapi.

Niliyatoa Mwala, jikoni kwa mama yangu. Mama alikuwa mkulima wa mahindi na mbaazi, na aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili niingie chuo cha ualimu. Nikaingia. Nikatoka kabla ya mwaka kwisha, nikafuata kundi la maigizo Nairobi. Aliwahi kuja kunitazama mara moja tu, katika ukumbi wa kanisa mjini Machakos, nikicheza mjane. Nililia juu ya jeneza la plaiwudi mpaka watu wakasimama. Mwezi uliofuata nilienda nyumbani kumwomba radhi kwa sababu ya chuo na ya ng'ombe, na nikiwa hapo sakafuni nikaanza kulia. Mama alikuwa anapepeta. Hakuacha. Akaniambia kwa Kikamba, pole pole, maneno hayo hayo ambayo wasichana wa Kajiado wamepatia sifuri.

Alipokufa nilienda. Ningefanya nini? Nililia kaburini kama mtu yeyote, nikasikia shangazi mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Mwone sasa. Ameanza." Binamu yangu aliniomba tupige picha kabla sijapangusa uso. Tangu siku ile sijalia mahali popote bila kulipwa.

Basi leo. Vumbi la Kajiado lilikuwa likipiga mabati ya bwalo kana kwamba limetumwa. Wasichana wa sweta za kijani waliponiona walipiga kelele "Mama Ndimu" na nikafurahi, mjinga mimi. Madam Naisiae alinisalimia kwa Kimaasai, "sopa, yeyo," yaani mama, kwa heshima zote, nikaitika "epa," kisha akapanda jukwaani na kuwatangazia watoto: "Huyu ndiye aliwapatia yale maneno mliandika. Leo amekuja kurekebisha."

Tukaigiza. Mwana wangu wa jukwaani ni Brayo, kijana asiyeweza kulia bila kujipaka dawa ya mafua chini ya macho. Alipiga magoti, macho mekundu, akinuka kama wodi. Nikasema maneno ya kitabu. Wasichana wakayasema pamoja nami, bwalo zima, kama watu wanaomwitikia padri. Nimekusamehe mwanangu. Njoo ule. Sijawahi kusikia msamaha mkavu hivyo.

"Sasa toeni notes," Madam akasema. "Yale maneno ingine kateni. Na rula, sitaki kuona uchafu."

Nikabaki nimekaa pale na sufuria tupu mapajani huku mamia ya rula yakitafutwa, kalamu zikipita juu ya maneno ya mama yangu. Nilidhani nitacheka. Ni kichekesho, ukiangalia vizuri.

Msichana mmoja wa nyuma aliinua mkono. "Mwalimu, na kama mama alifikiria hivyo lakini hakusema?"

"Examiner hatakuuliza alifikiria nini. Atakuuliza alisema nini. Keti."

Ningemkumbatia yule mtoto. Lakini wa mbele, mwenye miwani, alishasimama bila kuinua mkono. "Mimi nilikuwa namba moja. Sasa si mimi. Kwa nini ulitudanganya?"

Madam hakumkemea. Alinigeukia. "Wajibu, yeyo. Ulitoa wapi hayo maneno?"

Nilikuwa nimeandaa msamaha mfupi wa heshima, wenye "samahani kwa usumbufu." Badala yake nikasema, "Ni ya mama yangu. Aliniambia mimi." Na baada ya hapo sikuweza kufunga bomba. Niliwaambia habari za ng'ombe. Za ukumbi wa Machakos na ungo uliokuwa mkononi mwa mama. Za kaburi na shangazi. Kufika kwa binamu na picha yake sauti ikakatika, na yakaja. Si machozi ya Mama Ndimu, yale mawili ya mashavuni yanayong'aa kwenye taa. Kamasi, mdomo umepinda, sauti ya mbuzi. Hakuna mwigizaji duniani angechagua kulia vile.

Rula zikawekwa chini. Nikafikiri, wamenielewa.

Mtu mmoja akapiga makofi. Kisha meza nzima. Kisha bwalo likasimama, wakapiga vigelegele, Namba Moja mwenyewe akipiga mbinja na vidole viwili mdomoni. Madam Naisiae alikuwa akipangusa macho na kucheka kwa pamoja. "Mmeona?" aliwapigia kelele. "Mmeona mtu anajua kazi?" Niliinua mkono kuwazuia, niwaambie hapana, hiyo haikuwa kazi. Wakadhani nawashukuru. Makofi yakazidi.

Nikainama.

Ndiyo, niliinama, mkono kifuani, mara mbili, upande wa kushoto na wa kulia, vile nilivyomfundisha Njoroge. Mwili umezoea. Ukisikia makofi, unainama, hata kama ni mama yako aliyekatwa na rula.

Tulipotoka Njoroge alikuwa akiimba nyuma ya usukani. Madam ameahidi kuandika mazuri kwenye grupu. "Mathee, leo umewamaliza. Hiyo kitu tunaiweka kila shule. Mchezo ukiisha, mwalimu anakuuliza, unatubu, unalia. Hakuna mtoto atachanganya kitabu na jukwaa tena. Na wewe unabaki na sehemu yako, Shantel atangoja." Akafikiri kidogo. "Lakini ile kamasi punguza."

Nilimwambia kwamba ni kweli. Kwamba mama amezikwa Mwala, kwamba yale hayakuwa maigizo.

Aliendesha mpaka tukapita Isinya. Nilijua anatafuta neno, nikamwachia nafasi alitafute, kwa sababu ni mimi niliyemlea kwenye kazi hii na nilitaka kuona nimelea nini.

"Pole sana, mathee," akasema hatimaye. "Lakini si unaona? Ndiyo maana imewabamba watoto."

Shantel, kiti cha nyuma, aliweka earphone masikioni. Naye leo nilimwona kidogo. Amengoja muda mrefu, na sasa ameambiwa kwamba kumtoa Mama Ndimu hakutoshi, lazima pia awe na mama aliyemkataa. Mama yake humpigia kila siku kumuuliza kama amekula. Maskini mtoto, hana mtaji.

Nilimwambia Njoroge nitampigia jioni.

Nimefika nyumbani, nimewafungia kuku, nimekaa. Nikikataa, watampaka Shantel poda na nitakuwa nikisikia vigelegele kwa kusimuliwa. Nikikubali, basi mama alinijua kuliko mimi ninavyojijua, na nitakuwa nikimthibitishia shule baada ya shule, na gari la kundi litakuwa likinipeleka kufanya hivyo. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu. Mwigizaji wa umri wangu hapewi njia ya tatu.

Halafu nikafanya jambo ambalo sikupaswa kulifanya. Nilienda bafuni, nikasimama mbele ya kioo, nikaanza: "Ni ya mama yangu. Aliniambia mimi." Nilitaka machozi yakatae. Naapa nilitaka yakatae. Kama yangekataa, ningejua kwamba ya leo yalikuwa ya mama, mara moja, yamekwisha, na ningempigia Njoroge nimwambie ampe Shantel leso yangu.

Yalikuja nilipofika kwa ng'ombe. Nikanawa uso, nikaanza upya, labda ni uchovu. Yakaja tena pale pale, kwa ng'ombe, na safari hii nilijiona nikigeuza shavu kidogo yashike taa.

Nimempigia. Jumatatu tuna shule moja upande wa Kimuka. Nimemwambia aiweke kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu watoto wakishashiba huwezi kuwatoa chochote.