Masaje ya Ng'ombe ku Njia ya Nyabiondo

Papa wangu mupenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Lubumbashi. Mumeamkaje kwetu Burungu? Afya yako na ya Mama iko namna gani, na maharagi imetoka vizuri? Mimi niko muzima, namushukuru Mungu, ila macho inaniuma juu ya kushinda mbele ya ordinatere, ile mashini ninaandikia programu. Mama njo atakusomea barua hii. Mama, usiruke hata fasi moja, nakujua!

Papa, nilisikia namna ulipata haya kanisani juu yangu. Ile programu ya telefone, yenye wafugaji wanaandikiana masaje, ujumbe mufupi, ng'ombe ikigonjwa, niko naifanya peke yangu, na kila muntu anaomba kitu. Wauza maziwa wanaomba bei ya kila soko. Vijana wa kwaya wanaomba fasi ya nyimbo. Nyimbo, Papa, mu programu ya ng'ombe! Na mukubwa wa komite yenu ya wafugaji aliomba foto, kila ng'ombe na sura yake na jina yake. Nilimujibu: foto bado, kwanza natengeneza masaje isipotee wakati rezo ya telefone inakufa. Njo pale alikuambia kanisani mbele ya watu wote, «Mutoto yako iko na kiburi. Foto tu inamushinda?» Akasema mwezi ukiisha bila foto, wafugaji wote watatoa programu mu telefone zao. Nililia, sikufichi. Bila wao kazi yangu yote imekufa, na jina yako inachafuka pamoja nayo.

Nilianza ile foto siku mbili, kisha nikaiacha. Nilikumbuka namna unakamuaka: chuchu tatu za watu, ya ine unaiachia ndama, hata wageni wakiwa wengi na kikombe ku mukono. Siku moja nilikuuliza, mbona wageni wanakosa? Ulisema, «Huyu ndama njo ng'ombe yetu ya kesho. Wageni watakunywa kidogo, hawatakufa.» Basi nikagawa siku zangu vile. Siku tatu naitikia wenye kuomba, kuanzia bei za soko. Siku ya ine hakuna muntu ananigusa, natengeneza tu ile masaje.

Nilimuelezaga Mama: rezo ikikosa, telefone mbili zikikaribiana, moja inapatia ingine masaje, na ile ingine inaenda nayo mpaka ikutane na ya tatu. Ku meza yangu ilikuwa inatembea vizuri. Lakini meza haiko kwenu Masisi.

Halafu rezo ikakufa kwenu. Siku tano sikusikia hata sauti yenu. Ku siku ya sita ilirudi, na ordinatere yangu ikaanza kujaa masaje. Nilisimama, mikono ku kichwa. Masaje moja ilitoka Burungu siku ya kwanza: «Ng'ombe iko na vidonda mu kinywa na ku kwato. Musichanganye ng'ombe ku maji.» Ilipita telefone kwa telefone, ku miguu ya wenye kubeba maziwa, ku pikipiki, mpaka kijiji ya Nyabiondo, na hakuna hata neno moja ilipotea. Kule walitenga ng'ombe zao mbele ya ugonjwa kufika. Mungu wangu! Mimi njo niliandika kila mustari wa ile programu, na bado niliiangalia kama iliandikwa na muntu mwingine.

Mukubwa wa komite ameniandikia: «Asante, mutoto.» Na chini: «Foto lini?» Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Usalimie dada yangu mukubwa na bwana yake, shangazi mwenye kutengeneza fromaje ya maziwa, na muyomba akitoka Hombo.

Nilikuwa nafunga barua hapa, Mama akapiga telefone. Nikamuuliza nani alianzisha ile masaje, juu ordinatere inaonyesha namba ya siri tu, si jina ya muntu. Akacheka. Kumbe ng'ombe ilikuwa yetu, na sasa inakula tena. Dada aliandika, kisha wewe ulichukua telefone yake, ukashuka mpaka ku njia panda, ukakaa pale siku mbili mu mvua. Kila muntu mwenye telefone ulimusimamisha: «Simama karibu na mimi kidogo, kazi ya mutoto wangu ipite.»

Papa.

Mutoto yako, anayekuheshimu kupita vile anajua kuandika,

Furaha