Kisu cha Mafuta ya Sangara

Igoma, 5 Machi 1995

Mjomba Masalu, shikamoo.

Sisi hatujambo, ila mama kifua kinambana kwa moshi wa kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara toka kiwandani. Goti lako linaendeleaje huko Busisi?

Nina jambo sijamwambia mtu yeyote. Nataka kufua visu kama wewe. Mama anataka niwe nesi, na husema mtoto wa kike akikaribia mvukuto chuma hupasuka. Lakini mwalimu wa kemia akitaja kaboni kwa Kiingereza chake, mimi naona makaa yako yanapumua, nasahau kujibu. Darasani, na hata mtaani, wananiita Bubu.

Madukani siku hizi vimejaa visu vya nje vinavyong'aa. Kwani chuma si chuma tu? Nifundishe, ila barua ipitie kwa rafiki yangu Winnie. Mama asijue.

Mpwa wako,
Justa

Busisi, 26 Machi 1995

Mpwa wangu, marahaba. Goti linauma mvua ikikaribia, mengine salama.

Samaki si samaki tu, na chuma vilevile. Nondo ni laini. Ukiinoa asubuhi, mchana imeshasahau. Spring ya gari ina kaboni zaidi, inashika makali, ila ukiiacha na maji inaliwa na kutu. Hivyo vya kung'aa ni stenlesi. Kutu haviogopi sana, lakini vya bei rahisi huwa butu upesi, na vilivyo vigumu vinachosha jiwe la kunolea.

Mtazame jirani yenu fundi Chenge akisaga chuma kwa mashine. Nondo hutoa cheche ndefu, tupu. Za spring hupasuka kama vitumba vya pamba. Mwombe kipande ujaribu.

Mjomba wako,
Masalu

Igoma, 14 Mei 1995

Mjomba, shikamoo. Tu wazima.

Cheche niliziona, zikanifuata hadi usingizini. Chenge akanipa spring na moto wake. Nikaifua, ikawa nyekundu kama jua likizama nyuma ya mawe ya ziwani, nikaichovya majini kama wafanyavyo wafua majembe. Ikalia tik. Ufa toka makali hadi mgongoni.

Chenge alicheka, "Bubu, kisu kimeongea kabla yako."

Mama alisema kweli. Naacha.

Justa wako

Busisi, 28 Mei 1995

Justa, marahaba.

Si uanamke, ni maji. Maji huishtua spring. Ichovye kwenye mafuta. Huku natumia ya sangara. Kisha ipashe moto polepole mpaka rangi ya nyasi kavu itambae juu yake.

Mama yako ndiye aliyekuwa akinivutia mvukuto. Babu yako alizoea chuma laini cha majembe. Siku alipochovya majini spring yake ya kwanza, ikapasuka, akamfukuza mama yako kwenye mvukuto. Nilipokuja kujua mafuta, alikuwa ameshaolewa huko kwenu. Hakuna aliyemwambia kuwa kosa lilikuwa la maji.

Njoo likizo ufue nami. Lakini kwa siri sikupokei; mama yako akubali kwanza.

Mjomba wako

Igoma, 18 Juni 1995

Mjomba, shikamoo. Kifua cha mama kimepoa kidogo.

Nilimwomba mafuta, akanijazia kopo, hakuuliza ya nini. Kisu kipya kilizama kimya. Nilipokipasha, rangi ilitambaa kama mwanga unavyopanda ukutani asubuhi, nikakiondoa ilipofika nyasi kavu. Hakina ufa.

Nasikia kandambili zake uani. Siku zote barua zako nazificha chini ya godoro. Leo ile barua yako inayomtaja iko mezani, kisu juu yake isipeperuke, na hii yangu kando. Anakohoa mlangoni. Naishia hapa, niikalie mikono yangu, isije ikazificha.

Mpwa wako,
Justa