Siku Uliyotaka Kumsalimu Mwenye Nyumba

Mama,

Salamu zangu zikufikie kutoka huku Ubelgiji, zikukute umekaa vizuri na umeshakula. Hali yako nitaiuliza mwishoni, nina sababu. Barua hii nimempa jirani yetu wa Kasongo anayerudi nyumbani. Kaka Asani ataipokea mjini, akuletee huko kijijini Wamaza kwa pikipiki na kukusomea. Mwambie asome polepole, asiruke mahali.

Mimi niko mzima. Kazi ni ileile: namtunza Madamu Odette, yule mjane mzee ninayeishi kwake. Napika, nafua, namsindikiza dukani, na chumba changu kiko ghorofani. Baridi imeanza na vidole vinauma, lakini tumezoea.

Nakuandikia kwa sababu siku ile tulipoonana kwa simu, picha ilikatika mahali pabaya. Uliona miguu ya mtu sakafuni, ukanisikia napiga kelele, basi. Asani ameniambia kwamba tangu urudi Wamaza unamuuliza kila anayetoka mjini kama yule mzee amekufa. Hajafa. Leo asubuhi amenigombeza kwa sababu ya chumvi kwenye supu.

Nianze mwanzo. Ni mimi niliyeomba intaneti iingizwe nyumbani, nipate kukuona uso badala ya kusikia nusu ya maneno. Madamu akakubali. Fundi alipokuja, alikuwa na haraka zake, akaniuliza huku Madamu amekaa palepale kitini: humu ndani kuna mgonjwa, au mtu anayetegemea waya wa simu kuita msaada?

Mama, wewe ndiye uliyenilea. Nitasemaje mbele ya mzee, kwa mgeni ambaye hata maji hajanywa, kwamba mwenye nyumba huwa anaanguka? Nikajibu kama tunavyojibu kwetu, kwamba hapana, sisi wote ni wazima. Madamu akatikisa kichwa kukubali. Nadhani alifurahi.

Na chombo cha kuita msaada anacho. Kiko chumbani kwake, kando ya kitanda, kimeungwa kwenye waya wa simu, na yeye anavaa kibonye shingoni kama hirizi. Akianguka anabonyeza, chombo kinapiga simu chenyewe, na watu wanaokaa zamu usiku na mchana wanamjibu kwa sauti kubwa kutoka mulemule chumbani, halafu wanamtumia mtu. Fundi hakukiona. Nilikuwa nimefunga mlango, maana chumba cha mzee si mahali pa mgeni kuchungulia. Akahamisha simu kwenye kisanduku kipya cha intaneti sebuleni, na waya wa chumbani ukafa bila mtu kujua. Chombo kikaanza kuwakawaka taa nyekundu. Madamu akadhani ndiyo intaneti yenyewe, akaifunika kwa kitambaa ili apate usingizi.

Kesho yake ndiyo nikakupigia. Ulikuwa umeleta mchele Kasongo, umekaa dukani kwa Asani. Mimi niko ghorofani, nina hamu ya kukuonyesha dirisha langu, sweta langu, hata sufuria. Wewe hukutaka kuona kitu.

"Mwenye nyumba iko wapi?" ukaniuliza. "Mimi siwezi kuingia mu nyumba ya mutu bila kumusalimia."

Nikakuambia amepumzika, utamsalimu baadaye. Ukageuza uso, ukamwambia Asani azime simu, huongei na mtoto asiye na adabu. Basi nikashuka ngazi nimenuna, Mama, nimekushika mkononi, nakupeleka kwenye salamu zako. Ndipo tukamkuta Madamu mlangoni pa bafu, chini, kibonye bado kiko mkononi.

"Nimeita," akaniambia kwa sauti ndogo. "Hakuna aliyejibu."

Alikuwa ameita muda wote niliokuwa nabishana na wewe. Kama ungekubali ile baadaye yangu, sijui. Niliogopa kuliko siku yoyote tangu nifike huku.

Mfupa haukuvunjika, nyonga tu imevimba. Fundi mwingine amekuja, na safari hii Madamu mwenyewe alimpokea mlangoni na fimbo yake, akamwambia hata kabla ya salamu kwamba yeye huanguka, aanzie hapo. Fundi akakiunga chombo kwenye kisanduku kipya, akaweka na betri kwa ajili ya siku umeme ukikatika, akatuambia tujaribu. Madamu akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikauliza kama yuko salama. Akasema ni majaribio tu, halafu akamsimulia nyonga, na supu yangu, mpaka yule mwanamke akaomba ruhusa ya kukata.

Anakusalimu sana. Anasema ukirudi Kasongo umwite, atakaa sebuleni amevaa vizuri akungoje.

Nisalimie Asani, kaka yangu na msomaji wako, na mke wake anayekupokea kila ukienda mjini. Nisalimie mama mdogo wa Lusangi, na jirani yako mnayelima naye mpunga.

Asani, hapa usiruke.

Mama, siku ile ulikaa tu, tangu mwanzo mpaka picha ikakatika, kitenge kimefunika miguu. Kikombe kilikuwa mezani karibu yako, lakini Asani ndiye aliyekuja kukuinua kidogo ili ukifikie. Nilipokuuliza hali ukasema, "Niko muzima," na nyuma yako Asani akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimetoka kumjibu fundi hivyohivyo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Neno hilo nililisikia kwako, ukiwaambia wengine. Madamu ana kibonye, na sasa kuna mtu anayejibu. Wewe una mimi tu, na mimi siwezi kuja kama hujaniita.

Sasa ndiyo nakuuliza. Hali yako, Mama?

Ni mimi binti yako,
Zaina