Aljebra Uliyonifundisha Bila Kuijua

Baba Leah, mume wangu,

Leo nilikwenda Sikonge kuangalia mizinga yako. Nyuki bado wamo. Nimerudi hapa Ntalikwa, nimeoga, nakaa kukuandikia kabla mwanetu hajatoka shule.

Unaukumbuka mwaka ule niliosema nataka kurudia hesabu za kidato cha nne? Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Ndugu zako walicheka. Wewe uliuliza tu kitabu kinapatikana wapi, ukapanda baiskeli hadi Tabora mjini, ukarudi nacho kesho yake.

Kila alasiri, tukishamaliza kufunga tumbaku, ulivuta kigoda ukaniambia, "Nieleze mimi." Wewe uliyeishia darasa la nne. Mimi nilikuwa nimekariri kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa, inageuka. Siku moja nikaandika 5x − 4 = 2x + 11, chini yake 5x − 2x = 11 + 4, nikarukia jibu. Ukaweka kidole kwenye ile nne.

"Hii ilikuwa inatoa. Mbona huku inajumlisha?"

"Ndiyo kanuni."

"Sawa, lakini kwa nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimeshafeli mara moja, nimechoka, mikono inanuka tumbaku. Nikakujibu, "Mtu wa darasa la nne unajua nini?"

Ulikwenda kuchochea moto wa kukaushia majani. Kesho yake, saa ileile, ukaja tena.

"Mama Leah, ni kweli sijui. Ndiyo maana nauliza."

Tukaanza upya, mstari kwa mstari. Toa 2x kila upande: 3x − 4 = 11. Jumlisha nne kila upande, ili hasi nne iishe: 3x = 15. Gawanya kwa tatu: x = 5. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuna namba iliyovuka kwenda popote. Tulikuwa tunafanya jambo lilelile pande zote mbili. Wewe hukuridhika. "Irudishe tuone." Tano mara tano, toa nne: ishirini na moja. Mbili mara tano, jumlisha kumi na moja: ishirini na moja. Ulicheka kama mtu aliyekuta mzinga umejaa.

Matokeo yalipotoka ulikuwa wodini. Nilikaa kando ya kitanda chako nikakusomea kwenye simu: hesabu, D.

"D ni kufaulu?"

"Ni kufaulu."

Ukanishika mkono, ukasinzia. Wiki ileile tulikuzika. Nilikuwa nangoja upate nafuu ndipo nikuombe radhi kwa neno lile. Naiomba sasa, mume wangu. Hukustahili.

Siku hizi nafundisha chekechea. Mwezi uliopita akina mama wa kanisani waliniomba niwafundishe hesabu kila Jumamosi, nao wanataka kufanya mtihani. Mmoja anatoka Urambo kwa treni. Nilitaka kukataa kwa woga, nikakubali. Jumamosi iliyopita mama mmoja mwenye wajukuu alikwama, akaona haya kuuliza mbele ya wenzake, akaomba ruhusa aondoke. Nikamsindikiza. Tukiwa njiani nikachuma kijiti, tukachuchumaa kando ya barabara, tukaandika mlinganyo mmoja kwenye vumbi. Wapita njia walitusalimu, tukaitikia bila kuinua vichwa. Tulikaa pale muda mrefu. Alipopata jibu alilifuta, akalitafuta tena peke yake.

Amesema Jumamosi hii atakuja na mdogo wake.

Pumzika kwa amani, Baba Leah.

Mkeo,
Mama Leah