Poda ya Miguu ya Bibi Harusi

Jang'ombe, Unguja, 1969

Mama mpenzi, shikamoo.

Zuhura, mchumba wa kaka, nilimkuta analia. Fangasi zimemchubua katikati ya vidole vya miguu, na Bi. Rukia, mpakaji hina, kakataa kumpaka. "Hapo itamuunguza," alisema.

Daktari kampa poda nyeupe. Mimi nilidhani ya usoni! Asubuhi na jioni namwosha miguu, naikausha vizuri, kisha namnyunyizia, naye hushinda bila viatu. Kila siku nachungulia. Mwasho umekwisha, ngozi inarudi hali yake, lakini daktari kasema tusiiache poda bado.

Leo Bi. Rukia kaitazama miguu, kamruhusu kupakwa hina ya harusi Ijumaa. Zuhura kanikumbatia, kaniita wifi kwa mara ya kwanza.

Mungu akulinde, Mama, uje tukuone.

Mwanao, Asha