Nilimsomea Dada Filamu Isiyokuwepo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo lenyewe linaanza na filamu nawe utadhani nakuletea utani. Mimi ni muuza vitabu vilivyotumika, mtu wa makamo, na mtaani wananiita Mbishi kwa sababu wengi huja kibandani kwangu kubishana, si kununua, nami siwaangushi. Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, na tangu mtoto wa jicho amzibe macho yote mawili anatunga uzi sindanoni kwa kupapasa na ncha ya ulimi, na kila Jumapili tunakaa kwenye chumba chake cha kushonea, katikati ya mafurushi ya sare za shule, tunatazama filamu, yaani mimi natazama na yeye anasikiliza, na kwa kuwa anazozipenda ni za lugha za mbali, mimi ndiye ninayemsomea maandishi ya tafsiri yanayopita chini.

Sasa dada ana ladha yake. Anapenda mashujaa wenye nguvu za ajabu, lakini wale wasiompiga mtu hata kofi, mashujaa wanaofua nguo na kuuguza wagonjwa, na mimi filamu hizo zinanikera, nilishamwambia kwamba shujaa asiyepigana ni jiko lisilowaka, naye akanijibu, "Wa kupigana tunao hapa mtaani bure, tena hawana haja ya kuvaa nguo za kubana." Basi nikaanza kuzitia chumvi. Kulikuwa na moja ya wageni kutoka sayari nyingine waliotua duniani wakaenda kupanga foleni ya kuomba kibali cha kuishi, na filamu nzima ni foleni, nikachoka, nikamsomea kwamba kwenye mifuko yao wamebeba mabomu. Maskini, akangoja vita mpaka mwisho. "Mbona havikuja?" "Wenye filamu wamekata sehemu hiyo." "Wamekata vibaya," akasema, akaendelea na pindo lake. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Mwezi uliopita tukaweka nyingine, ya mwanamke mwenye uwezo wa kusimamisha wakati. Anautumia mara moja tu, kando ya kitanda cha mama yake anayekata roho: saa inasimama, ndege wanabaki wametundikwa dirishani, naye anamwosha mama, anamchana nywele, anamkata kucha, kisha inambidi auachie wakati uendelee. Mwishoni kaka yake anatokea na begi mkononi, mambo yameshakwisha, na maandishi yakasema hivi, mshauri, nayakumbuka kama jina langu: "Hujachelewa. Mama alijua uko njiani." Nikaona hiyo ni sukari ya wauza filamu, mwisho wa kubembeleza watazamaji, nami nikasoma wangu: "Umechelewa. Hapa hapakuwa na mtu wa kukungoja."

Nilipaswa kukueleza mapema kwamba mama yetu aliuguzwa na dada peke yake, mimi nilikuwa mji mwingine kwenye mdahalo, nikituma salamu kwamba nakuja nikimaliza hoja zangu, nikafika mama ameshazikwa, na dada hakuwahi kunilaumu hata kwa nusu neno.

Cherehani ikanyamaza. "Soma tena," akasema. Nikasoma tena yale yale. Akasema, "Kumbe neno hilo linasemeka. Miaka yote nimelimeza nikidhani mtu halisemi." Akanigeuzia uso, ingawa pale nilipo anaona kivuli tu. "Ulichelewa, mdogo wangu. Na mimi nilikuwa nimechoka." Halafu akaniomba nimsogezee furushi la kola.

Tangu siku hiyo yeye ni mwepesi, anaimba akishona, na mimi ndiye niliyeelemewa. Upasuaji wa macho ni wiki ijayo. Kila mteja anayekuja kupima anahadithiwa filamu ile, anawaambia ndiyo pekee isiyodanganya, na ameapa kwamba akitolewa bandeji na macho yakatulia, cha kwanza kutazama ni hiyo, asome mwenyewe. Nilimdanganya kwamba diski nimeiazimisha. "Mwambie huyo airudishe," akasema. Je, niivunje? Au nimwambie ukweli, ayarudishe kifuani maneno aliyokwisha kuyatoa? Naogopa kumnyang'anya kitu ambacho sikumpa kihalali.

Mbishi, muuza vitabu

SHANGAZI ANAJIBU

Wewe Mbishi, pole, na sasa kaa vizuri.

Umesoma kibanda kizima cha vitabu, ukashindwa kusoma mstari mmoja kama ulivyoandikwa. Usinieleze habari za ladha. Kuichukia filamu ni haki yako, ipigie kelele kibandani mpaka sauti ikauke. Lakini aliyekushika mkono umvushe barabara hajakupa ruhusa ya kumchagulia anakokwenda. Dada yako alikukabidhi macho yake, wewe ukayafanya kalamu yako.

Tena nakupinga: ile haikuwa sukari. Mimi nimezitazama nyingi za namna hiyo, na shujaa anayemkata mama yake kucha ananitisha kuliko anayebomoa maghorofa, kwa sababu lile la kwanza ningeweza kulifanya na sikulifanya. Uliubadilisha mstari kwa kuwa ndio uliokuwa ukiungoja miaka yote, na ulipokuja ukaona huustahili. Ukajisomea hukumu kwa mdomo wa mtu wa kwenye kioo. Dada akaitia sahihi.

Unaogopa atayarudisha maneno yake? Maneno yale si yako. Ulichobuni ni sentensi. Uchovu wa dada yako hukuubuni wewe.

Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali ulipomwambia samahani. Sikupaona. Amekwambia ulichelewa na yeye alichoka, nawe ukasogeza kola! Mtu wa hoja kama wewe!

Diski usiiguse kwa nia mbaya. Nenda Jumapili hii hii, kabla ya upasuaji, maana akija kujisomea mwenyewe atakuwa amekukamata, hujamwambia. Anza na samahani ya mama, ndipo uje kwenye ya filamu. Mweleze na mabomu ya wale maskini wa foleni, hilo huenda likamchekesha, au akakurushia mkasi, na ukirushwa usikwepe sana. Kisha iweke filamu ile, umsomee kila mstari jinsi ulivyo, pamoja na ile inayokukera. Utakapomwona yule kaka na begi lake mlangoni utatamani kuubadilisha mstari tena. Soma hivyo hivyo.

Halafu funga mdomo. Usimuulize kama na yeye angekwambia kwamba hukuchelewa, usimdai msamaha wa filamu. Mwache ashone. Na kama atakwambia kwamba mwisho ule ni wa uongo, kwamba wako ndio uliokuwa wa kweli, basi kwa mara moja maishani mwako, Mbishi, usibishe.