Mama, Gereji Siifungi

Mama yangu, Mama Riziki wa watu wote,

Shikamoo huko uliko. Natumaini hakuna theluji. Kama ipo, rudi haraka, hapa angalau nina hita.

Nakuandikia nimekaa juu ya tairi, maana kiti chako kina mtu. Nitakuambia ni nani, subiri. Nje ni ile baridi ya kugandisha kamasi puani, na mimi humu nimevaa shati la mikono mifupi. Januari, Columbia Heights, mikono mifupi! Ungenitukana kwanza, halafu ndiyo ungefurahi.

Nina neno, mama. Yaya Riziki, binti yako wa kwanza, anataka nifunge gereji. Jumapili baada ya ibada amesema tena, mbele ya mchungaji na wale wamama wako wa kwaya: "Gereji ile ndiyo ilimmaliza mama. Auze vifaa, aende kiwandani kama wanaume wengine." Aliyasema hayo hayo kwenye matanga yako. Siku ile sikujibu, nilikuwa nalia, na mtu anayebishana huku analia anaonekana mjinga. Leo silii. Leo najibu, na nikimaliza naibandika barua hii kwenye mlango wa gereji, kila anayeleta breki zake asome. Mwandiko mbaya wavumilie, mimi shule niliishia la tano, na la tano lenyewe nilikuwa nakaa karibu na mlango.

Unaikumbuka ile Jumamosi? Nilikuwa chini ya gari la Baba Esta, vidole vimekufa, spana sizisikii mkononi. Wewe umekaa kwenye kiti chako, kile nilichokitoa kwenye vani, blanketi mbili mabegani, unachambua maharage. Ukaniuliza:

"Weye Redio, unafanya kazi ndani ya friji?"

"Ndiyo mama, ndiyo maana siozi."

"Lete mbabula."

Mbabula yako, lile jiko la makaa nililokuchomelea kwa rimu ya gari. Uliiwasha nje, juu ya theluji, majirani wanatuchungulia dirishani. Ukasubiri makaa yawe mekundu yote, hata moja lisibaki jeusi. Ndivyo ulivyotufundisha kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, wakati wa mvua: makaa yakishaiva hayana ubaya, ubaya uko kwenye moshi. Sheria tuliifuata yote, mama. Tuliingiza mbabula, tukashusha mlango mkubwa. Na mimi fundi wako, wiki nzima kabla ya hapo, nilikuwa nimeziba kila tundu. Blanketi chini ya mlango, plastiki dirishani, gundi kwenye nyufa. Nilijisifu kwamba hata sisimizi hapiti.

Joto likaja. Ulianza kuimba, nikakuitikia kutoka chini ya gari. Halafu wimbo wako ukaanza kupoteza maneno. Nilitaka kukucheka. Kichwa kilikuwa kinagonga, nikasema moyoni nilale kidogo tu, spana niiweke kifuani.

Aliyetukuta ni Yaya Riziki. Alikuja na sufuria ya mboga ya sombe, akaita, kimya. Akanyanyua mlango mkubwa kwa mikono yake peke yake, akakuvuta wewe kwanza mpaka kwenye theluji, akarudi kunivuta mimi kwa miguu. Kichwa changu kilipiga kizingiti, nundu ninayo mpaka leo. Nasema wazi asome kila mtu: bila yeye tungekwenda pamoja siku ile. Hilo simbishii.

Hospitali wakakuvisha ile barakoa ya hewa. Ulipoamka neno lako la kwanza lilikuwa, "Kiatu changu cha kushoto kiko wapi?" Daktari akaeleza, mkalimani akatafsiri, kwamba makaa mekundu yana hewa ya sumu. Haina harufu, haina rangi, na moshi ukiisha yenyewe bado ipo. Ukakataa.

"Mwambie nimelala na mbabula tangu nikiwa msichana. Mbona sikufa?"

Daktari akauliza nyumba zetu zilikuwaje. Ukaeleza: udongo, turubai, upepo unaingia huku unatokea kule. Ukaanza kucheka ndani ya barakoa mpaka nesi akaja mbio.

"Kumbe ule upepo niliokuwa nautukana kila usiku ndio ulikuwa unatulinda!"

Tulipotoka Yaya alikuwa tayari na kufuli mkononi, mpya, bado ina karatasi. Wewe hata koti hujavua, ukamwambia: "Waliokosea ni watu wawili, mimi na Redio. Gereji ilikosa nini?" Kisha ukanigeukia: "Usifunge. Tengeneza."

Nikatengeneza. Kiangazi chote tulikuwa wote, wewe msimamizi. Mimi nilitaka kuunga nyaya mwenyewe, ukanishika shati: "Wewe umejua breki. Umeme ita mwenye leseni." Nikamwita. Akafunga hita ya umeme juu kwenye dari, mbali na maboksi, na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme. Ule waya mrefu niliokuwa nachomekea kihita kidogo, mpaka ukalegea kama bugali, uliukata kwa mkono wako, kwa kisu cha jikoni! Petroli na rangi zote zikahamia kibanda cha nyuma. Mlango mkubwa nikaupiga mbao za povu kwa ndani, za kuzuia baridi, na chini mpira mpya. Injini haiwashwi humu, hata dakika moja, hata mlango ukiwa wazi. Gari tunalisukuma nje kwanza, na mwenye gari anasukuma pia, awe shemasi, awe nani.

Na alamu mbili za kunusa ile hewa ya sumu, moja juu ya kichwa chako. Kila asubuhi ulikuwa unabonyeza kitufe chake kuijaribu, unaziba sikio moja, unasema, "Nzima. Inalia kama Riziki."

Mbabula ipo nje, nimeifunga mnyororo kwenye uzio kama mbwa aliyeuma mtu.

Baridi nzima iliyofuata ulikaa humu. Hukukohoa. Ulichambua maharage, ulifundisha wateja wangu kuomba, ulimwambia Baba Esta anaendesha kama anafukuzwa. Ulikwenda mwezi wa kumi, kitandani kwako, kwa moyo ule ule uliokusumbua tangu kambini. Mimi nilikuwepo, Yaya alikuwepo. Kwa hiyo nasema, na nitasema mbele ya mchungaji akitaka: gereji haikumuua mama. Mama alikuwa mzee, na moyo wake ulichoka. Anayetaka kufunga mlango huu kwa jina lako anamfungia mtu aliyesema usifungwe. Kiwandani siendi. Wakinikuta kiwandani wajue nimeenda kutengeneza gari la meneja.

Sasa, huyo aliyekaa kwenye kiti chako.

Asubuhi hii gari limekuja linapiga kelele breki za mbele, chuma kwa chuma. Yaya Riziki. Wiki tatu anaendesha hivyo mpaka kazini Bloomington na kurudi, kwa ukaidi tu. Akasimama mlangoni, koti mpaka kidevuni, hakanyagi ndani.

"Hiyo alamu inafanya kazi?"

Nikabonyeza. Akaruka nyuma, akakanyaga theluji.

"Yesu! Inalia kama nini hii?"

"Kama wewe. Mama ndiye alisema."

Alinitazama, mama. Nilijua atanipiga. Akacheka, na machozi yakatoka huko huko kwenye kicheko, akasema, "Mlikuwa mnanisema kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, Yaya. Bila kukosa."

Akaingia. "Dakika tano tu," akasema, akakaa kwenye kiti chako pembeni kabisa, kama mtu anayesubiri basi. Hiyo ilikuwa saa nzima iliyopita. Breki nimemaliza. Sijamwambia.

Bado anasema nifunge. Ameniambia sasa hivi tena, kwa ukali. Lakini koti amelivua, ameliweka magotini, na viatu pia amevua.

Pumzika, mama. Alamu ni nzima, nimeisikia.

Ni mimi, kitindamimba wako, Redio, fundi wa mlango ulio wazi.